Nimenunua Z wakati Nissan inahangaika

Hesabu za Nissan nimeziona. Kaka yangu mkubwa ni mhasibu, naye alihakikisha zimenifikia kabla sijatia saini: hasara ya yeni bilioni 670.9 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, wafanyakazi 20,000 wa kupunguzwa, viwanda 17 vishuke hadi 10. Mazungumzo ya kuungana na Honda, yaliyotangazwa Desemba 2024, yalikuwa yamevunjika Februari. Makoto Uchida akaachia kiti cha ukurugenzi mkuu, akaingia Ivan Espinosa. Na mimi, katikati ya moshi wote huo, nikalipia Z, gari la mbio la Nissan lenye viti viwili.

Nyumbani walizipokea habari kana kwamba nimekubali posa ya mgonjwa aliye chumba cha mahututi. Kaka alisema nisubiri mwaka au miwili nione kama kampuni itasimama. Mama hakujali yeni. Alitaka kujua watu watasema nini siku gari litakapolala uani kwa kukosa spea. Mjomba, ambaye aliwahi kuwa na gari la kampuni iliyofilisika na akalihangaikia kweli kweli, aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, taa ya mbele ikipasuka utaipata wapi?"

Katika watatu hao, mjomba peke yake ndiye aliyeuliza kuhusu gari. Wenzake waliuliza kuhusu kampuni, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kampuni ya magari ikifa, magari yake hayafi siku hiyo. Saab ilifilisika Desemba 2011, lakini kitengo chake cha spea kilibaki hai, kikaangukia mikononi mwa serikali ya Sweden na kupewa jina la Orio, kikaendelea kuuza vipuri. DeLorean ilianguka mwaka 1982 baada ya kutengeneza magari 9,000 hivi tu. Shehena ya spea zilizobaki ilinunuliwa, ikaishia Texas, na mpaka leo mwenye gari hilo anaagiza kipuri na kukipata. TVR ya Blackpool, Uingereza, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2006, na bado kuna mafundi wanaoishi kwa kukarabati magari yake.

Halafu kuna Fisker. Hii ndiyo ninayomwambia kaka aitumie kila anapotaka kunitisha vizuri zaidi. Fisker Inc. ilianza kukabidhi wateja gari lake la umeme, Ocean, mwaka 2023. Juni 2024 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hapo wamiliki walijikuta na gari ambalo kasoro zake nyingi zilikuwa kwenye programu, na programu hiyo ilitegemea kampuni iirekebishe kupitia intaneti. Fundi hodari kuliko wote, mwenye spana zote duniani, hawezi kukuandikia upya programu ya gari ambayo hana ufunguo wake. Wamiliki ikabidi waunde chama chao ili kujiokoa wenyewe. Ninawaheshimu sana, ila sitamani kuwa mwanachama.

Kwa hiyo kipimo changu si "kampuni ina pesa?" Ninauliza gari linamhitaji aliyelitengeneza kwa kiasi gani baada ya kutoka getini mwa kiwanda. Ocean ilimhitaji karibu kila siku. Z inamhitaji kidogo, na sababu yake ni ileile iliyowafanya wakosoaji waiseme vibaya ilipotoka.

Walisema si gari jipya, ni 370Z, yaani Z iliyoitangulia, iliyobadilishwa nguo. Wana haki. Msingi wake wa chini umetokana na 370Z, gari lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2008. Injini ni VR30, V6 ya lita 3.0 yenye turbo mbili na nguvu farasi 400, ambayo ilikwisha kufanya kazi ndani ya Q50 na Q60 za Infiniti, chapa ya kifahari ya Nissan, tangu 2016, kisha ikawekwa kwenye Nissan Skyline 400R. Mtu anayetaka mambo mapya ataona hilo ni uvivu. Mimi naona miaka mingi ya mafundi kulijua gari hili linaugua nini, na magari mengi yanayovunjwa gereji ambayo injini, turbo na sensa zake zitanifaa. Gia ya mkono yenye hatua sita, klachi, difu inayosukuma magurudumu ya nyuma: hakuna hapo kitu cha kuomba ruhusa kwa kompyuta iliyo ng'ambo.

Kaka alikuja na hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Waranti. Karatasi ya waranti ni ahadi, na ahadi ya mtu asiye na pesa haina uzito. Ni kweli. Machi 2009, General Motors na Chrysler zilipokuwa zinazama, Rais Obama alilazimika kutangaza kwamba serikali ya Marekani itasimama nyuma ya waranti za magari yao, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kuogopa kununua. Hofu ya mteja ni sumu yenyewe: watu wakisusa kwa kuogopa kampuni itakufa, wanaiharakisha kaburini.

Lakini mfano huohuo unaonyesha kitu kingine. Kampuni kubwa huachwa izame kwa nadra sana. Mara nyingi hupata mnunuzi, mkopeshaji au serikali. BMW ilikaribia kuuzwa kwa Daimler-Benz Desemba 1959, wanahisa wadogo wakagoma, tajiri Herbert Quandt akaweka pesa zake. Nissan yenyewe ilikuwa taabani mwaka 1999 ilipochukuliwa asilimia 36.8 ya hisa zake na Renault. Kilichofuata ni kupunguza watu na kufunga viwanda, kama sasa. Lakini ndani ya ukata huohuo iliidhinishwa Z mpya, na 350Z ikatoka mwaka 2002. Kampuni inayohangaika wakati mwingine huhitaji gari la kupendwa kuliko kampuni iliyoshiba.

Wakati mwingine, nasema. Nisijidanganye, mara nyingi zaidi gari la mbio ndilo la kwanza kukatwa, kwa kuwa linauza kidogo na mhasibu halioni kazi yake (samahani, kaka). GT-R, gari jingine la mbio la Nissan, ya toleo la R35, ya mwisho ilitoka kiwandani Agosti 2025, baada ya miaka 18 na magari yapatayo 48,000. Ndiyo maana ushauri wa kusubiri haukunishawishi hata kidogo. Nikisubiri kampuni ipone, huenda ikapona kwa kuacha kutengeneza kitu nilichokuwa nakisubiri. Kusubiri kunafaa kwa mtu anayetaka gari lolote la kumfikisha kazini.

Bei ya kuliuza baadaye sijaizungumzia, na sitaizungumzia sana. Gari la viti viwili halinunuliwi kama akiba. Anayelinunua akitegemea litampa faida ana matatizo makubwa kuliko ya Nissan.

Kwa mama jibu langu ni fupi, na nilimpa kwa heshima zote: watu watasema. Walisema nilipokata nywele pia. Ninadhani nusu ya wasiwasi wa familia kuhusu ununuzi wa aina hii hauhusu chuma kabisa, ni hofu ya kuonekana ndugu yao amechezewa. Wazazi wanaweza kuvumilia hasara yako. Kicheko cha jirani ni jambo jingine.

Swali la mjomba ndilo limebaki, maana yeye hakosei. Injini nina pa kuitafuta. Mwili wa gari je? Taa za mbele za Z, bampa, boneti na vioo havifanani na vya gari jingine lolote la Nissan, na hivyo ndivyo vinavyovunjika mtu akikugonga kwenye maegesho. Waliosota na magari ya kampuni zilizokufa mara nyingi hawakukwama kwa pistoni. Walikwama kwa taa, mpira wa mlango, swichi ya dirisha, vitu ambavyo hakuna kiwanda cha pembeni kinachoona faida kuvitengeneza kwa magari machache.

Basi badala ya kununua rimu za kujionyesha nimeagiza taa za mbele, kulia na kushoto, pamoja na bampa lisilopakwa rangi, wakati bado vinapatikana kwa njia ya kawaida. Bima nimechukua ile kubwa, na nimesoma vizuri kipengele cha spea zisipopatikana. Mjomba amenipa nafasi darini kwake pa kuweka maboksi. Anasema kioo cha mbele nacho nikiagize. Hapo nafikiri amezidisha, ila nimeuliza bei.