Mafuta ya karafuu na kivumbasi: dawa ya kumeza au kinga ya dagaa?

Wauzaji wa dawa za asili jijini Mwanza huyasifu mafuta ya kunukia, yale yanayopatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani ya mchaichai, kivumbasi na mkaratusi au kwenye karafuu, kwa mambo mawili: kwamba yanaua bakteria, na kwamba yanaondoa sumu mwilini. Dai la kwanza lina ushahidi mwingi wa maabara. La pili limepotoshwa.

Mafuta ya karafuu kwa kawaida huwa na zaidi ya asilimia 70 ya eujenoli, na yale ya mchaichai hutawaliwa na sitrali. Kemikali hizi hupenda mafuta kuliko maji, hivyo hujipenyeza katika utando wa seli ya bakteria, ambao nao una mafuta, na kuulegeza mpaka yaliyomo ndani yakavuja. Wapo wanaoona hapa tumaini dhidi ya usugu wa bakteria kwa dawa, uliokadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na tumaini hilo si la kubezwa. Madaktari wa meno huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Hata hivyo, sahani ya maabara haina ini wala figo. Kiasi kinachoua bakteria humo mara nyingi ni kikubwa kuliko kile ambacho damu ya mtu inaweza kubeba salama, na mililita chache tu za mafuta ya mkaratusi zikimezwa na mtoto huweza kumletea degedege. Isitoshe, kivumbasi cha shamba moja huweza kujaa eujenoli na cha shamba jingine thimoli, kemikali nyingine, kwa hiyo chupa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa dawa mbili tofauti.

Hiyo “sumu” inayosemwa kuondolewa ni tafsiri legelege ya uwezo wa kuzuia oksidisheni, yaani uharibifu unaoletwa na oksijeni. Kuuona uwezo huo maabara ni rahisi, lakini kutoka hapo hadi kinga ya mwili ni mbali. Nchini Finland, wavuta sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio la vidonge vya kuzuia oksidisheni, na matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, ambayo si mafuta ya kunukia lakini husifiwa kwa sababu ileile, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Kwa maoni yangu, Ziwa Victoria linatupa matumizi yenye mantiki zaidi. Mafuta ya dagaa huharibiwa upesi na oksijeni, na dagaa aliyechacha hushuka bei hadi kuishia kwenye chakula cha kuku. Hapa eujenoli ingefanya kazi ileile iliyopimwa maabara: kulinda mafuta yaliyo wazi kwa hewa. Vikwazo vipo, tena vizito. Mafuta haya huruka haraka, kwa hiyo kuyanyunyiza kabla ya kuanika juani ni kuyapoteza. Yangefaa wakati wa kufungasha, tena kwa kipimo ambacho hakitamfanya mlaji asikie karafuu badala ya samaki. Na kwa mchakataji anayeanika dagaa mchangani, maji ya chumvi na chanja iliyoinuliwa juu ya ardhi vinapaswa kutangulia, maana hakuna tone la mafuta litakaloondoa mchanga na kinyesi cha ndege.