Adui mwenye hoja ndiye anayeibeba filamu
Mwandishi, umesema filamu za mashujaa hufaulu kwa bajeti kubwa na picha za kompyuta. Sikubaliani nawe. Black Panther ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 kwa sababu Killmonger, adui wa filamu hiyo, alikuwa na hoja. Baba wa Killmonger aliuawa na ndugu yake wa damu, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, na mtoto akatelekezwa Oakland, Marekani. Swali lake linauma: mna vibranium, madini yenu ya ajabu, na teknolojia yote hiyo, mbona mliwaacha weusi wenzenu wateseke? T'Challa, mfalme mpya na shujaa wa filamu, hakuweza kulijibu kwa ngumi. Ilibidi abadili sera ya nchi nzima. Mavazi yaliyobuniwa na Ruth Carter nayo yalistahili kabisa ile Oscar. Lakini pambano la mwisho pale kwenye reli, lililojaa hizo picha za kompyuta, ndilo sehemu dhaifu kuliko zote.