Si Upo Tu?

Wenzangu mlio bado kazini, nawaambieni mapema: siku ukistaafu, usimwambie mtu. Amka alfajiri kama kawaida, vaa shati, toka, kaa huko chini ya mwembe hadi jioni, kisha rudi nyumbani ukimlalamikia bosi. Mimi bahati mbaya walinifanyia sherehe, mbuzi akachinjwa, mtaa mzima ukajua. Tangu hapo jina langu limekuwa Si-Upo-Tu.

"Baba, fundi wa bomba anakuja saa nne, si upo tu?" "Babu, shuleni wanamtaka mzazi, si upo tu?" Mkamwana wangu anafuga kuku wa mayai, akienda Mbale kununua dawa ananiachia kuku, mtoto na sufuria ya maharagwe motoni, kisha anapiga simu kuuliza kama maharagwe yameiva, mtoto hamuulizii. Hata mwenyekiti wa LC, lile baraza la mtaa, akikosa mtu wa kushika daftari la michango ya msiba, ananyoosha kidole kwangu. Nilipokuwa dereva wa serikali hapa Tororo, Uganda, nilikuwa na bosi mmoja, naye saa mbili usiku alikuwa keshalala. Hawa wa sasa hawalali, na mdogo wao yuko darasa la pili.

Na huko kustaafu kwenyewe niliibiwa. Marehemu mama alinisimulia mara nyingi kwamba nilizaliwa wiki ileile ya Uhuru, Oktoba 1962, na mkunga alichelewa kwa kuwa alikwenda kutazama bendera. Karani aliyeniandika kazini hakutaka habari za bendera. Aliuliza mwaka, nikamtajia, akajaza Januari mosi, akagonga muhuri. Kizazi chetu hapa tumezaliwa Januari mosi wengi ajabu. Sijui mama zetu walikuwa wamekubaliana nini. Sasa serikali humstaafisha mtu akitimiza miaka 60, kwa hiyo Januari 2022 nikafungashiwa virago, miezi tisa kabla ya siku yangu. Miezi tisa ya mshahara, jamani! Nilikwenda kujitetea. Nikamwambia ofisa kwamba hiyo Januari 1962 wanayoing'ang'ania, mama yangu huenda alikuwa hata hajajua kama ana mimba. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee wangu, una barua ya mkunga?"

Baada ya hapo nikaanza ajira mpya, ya kuthibitisha kwamba sijafa. Ofisi moja waliniita kuhakikiwa. Nimepanga foleni tangu jua halijachomoza, nikafika mbele, kijana akaniangalia, akaangalia kompyuta, akaniangalia tena. "Mzee, hapa haionyeshi kama uko hai." Nikakohoa. Akasema kukohoa hakutoshi, lete barua ya LC. Nikarudi kwa mwenyekiti, huyuhuyu ninayemshikia daftari la misiba, ambaye asubuhi ile alikuwa ameniomba kiberiti. Akavaa miwani, akasema, "Kitambulisho?"

Watoto wangu lakini siwezi kuwasema vibaya, wananikumbuka. Yule wa Kampala hunitumia elfu hamsini ya sukari kwenye simu. Hamsini kavu. Wakala anakata yake, na serikali tangu 2018 ina nusu asilimia yake kwenye kila pesa inayotolewa, na boda wa kunipeleka kwa wakala naye hali nyasi. Nikimwambia mwanangu, siku nyingine weka na ya kutolea, ananijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba hakitoi pesa.

Hayo yote nayavumilia. Kinachonichoma ni hadithi zangu. Mstaafu ana mali gani nyingine?

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, enzi za reli moja ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia pale Tororo, reli inapogawanyika, moja ikielekea Jinja na Kampala, nyingine ikipanda Mbale na Soroti hadi Pakwach. Tulikaa kwata za reli, nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya sisi tunamwitikia "afya". Pesa hatukuwa nazo, ila pasi ya treni tulikuwa nayo, na kwa pasi hiyo tulikwenda Mombasa kumtembelea shangazi.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipo. Mama alibeba jogoo kwenye kikapu, zawadi ya wifi yake. Tumepita Malaba, tumepita Eldoret, treni inapanda Timboroa, kule juu zaidi ya futi 9,000, baridi inakata masikio. Jogoo akaona huu ni uonevu. Akakata kamba, akaruka, akatua juu ya kofia ya gadi aliyekuwa akikagua pasi, akawika. Gadi akasimama wima kama anapigiwa wimbo wa taifa, kwa sababu kofia ilikuwa ya serikali na jogoo alikuwa na kucha. Behewa zima likaanguka kicheko. Hadithi hii nimeilea mwenyewe. Wanangu waliisikia wakacheka, wakarudia kuiomba, wakalala nayo.

Basi juzi nawasimulia wajukuu. Nimefika Timboroa, nimekwishainua mikono kuonyesha mabawa, mmoja yuko kwenye simu. Anasema, "Babu, Timboroa ni baridi kweli, hilo tumekukubalia. Lakini mwaka jana ulisema mlipita pale usiku. Kuku haoni usiku. Kofia aliionaje?"

Mimi nililelewa kwamba mzee akisimulia, mtoto anakaa chini anasema "enhe". Huyu ananikagua kama gadi.

Hakuishia hapo. Akaipeleka kesi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile ambalo kwa kawaida huwa la michango ya harusi na picha za maua za "asubuhi njema". Dakika chache tu, sauti ya dada yangu mkubwa kutoka Soroti ikaingia, ndefu kuliko safari yenyewe. Anasema hakukuwa na jogoo. Alikuwa bata. Na hakukata kamba, mimi ndiye niliyemfungua, nikachapwa kuanzia hapo hadi Nakuru. Mdogo wetu wa Kasese akaandika kwamba yeye anakumbuka jogoo vizuri sana, kumbe wakati huo hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa. Shahidi wangu pekee, hana umri! Na mke wangu, niliyemuoa mwaka 1988, ambaye reli ya Mombasa hajawahi kuitia machoni, aliyekuwa jikoni hatua tatu kutoka nilipoketi, akaandika kwenye kundi: "Mimi naamini bata."

Hadithi moja tu ndiyo simu yao imekubaliana nami, nayo ni ya hasara. Mwaka 1987 serikali ilipobadilisha fedha, sufuri mbili zikakatwa, mia ya zamani ikawa shilingi moja mpya, na juu yake ikakatwa kodi ya asilimia 30. Baba alikuwa ameweka akiba kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, noti zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Kila laki moja aliyopeleka ilirudi mia saba. Mjukuu akapiga hesabu, akasema, "Babu, hii iko sawa." Nikamshukuru.

Siku hizi hadithi zangu nazipeleka kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, ambako wenye mirija wote ni wastaafu na simu zao ni za tochi. Mama muuzaji anaongeza maji moto, povu linapanda, mtu anavuta mrija wake mrefu akiwa amefumba macho, na hakuna anayeuliza kuku aliona wapi. Taabu ni kwamba kila mmoja pale ana jogoo wake. Mwaka 1979 hasa. Watanzania walipoingia kumng'oa Amin, ukiwasikiliza wazee wale, kila mmoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaona, kila mmoja aliwaonyesha njia, na kuna mmoja aliwapikia posho, yaani ugali, brigedi nzima kwa sufuria ya mama yake. Tunaitikia "enhe". Mimi nikifika Timboroa nao wanaitikia. Ndiyo heshima hiyo.

Ila dada hajaridhika. Jana kapiga simu kwamba Krismasi anakuja Tororo mwenyewe kulimaliza jambo hili mbele ya watoto, na ana ushahidi. Ushahidi gani wa bata aliyeliwa Mombasa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, hakusema. Alichosema ni kwamba nimtumie nauli, na niweke na ya kutolea.