Tahadhari ya Kimbunga Japani: Lugha ya Kila Mgeni au Kijapani Chepesi?

Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilipokuwa kinaikaribia Japani, jiji la Hamamatsu lilituma ujumbe wa tahadhari kwa Kireno kwa ajili ya Wabrazili wengi wanaoishi huko. Ujumbe wa asili uliwataka wakazi wa kandokando ya mto waondoke. Tafsiri ikawaelekeza wakimbilie mtoni. Yeyote aliyewahi kufasiri huku saa ikimkimbiza anajua jinsi neno dogo la kuonyesha mahali linavyoweza kuigeuza sentensi nzima.

Ninaanza na tukio hilo kwa sababu wengi wanaojadili usalama wa wageni nchini humo huamini kwamba dawa ni tafsiri, na kwamba kila lugha itakayoongezwa ni roho zilizookolewa. Upande wa pili unatetea kile Wajapani wanachokiita yasashii nihongo, yaani Kijapani chepesi, nao hushutumiwa kwamba ni njia ya kukwepa gharama, au kwamba unawasemesha watu wazima kama watoto. Naona upande huu unahukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Wazo hilo lilizaliwa na msiba. Katika tetemeko la Kobe la Januari 1995, wageni walikufa na kujeruhiwa kwa uwiano wa takriban mara mbili ya wenyeji, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Hirosaki wakabuni namna ya kuandika tahadhari kwa sentensi fupi, kila moja ikibeba jambo moja, kwa maneno ya kila siku. Tangazo rasmi linaloweza kusomeka kwetu kama "maagizo ya uhamaji yametolewa kwa wakazi wa ukanda wa bonde la mto" hugeuka kuwa: "Mto unafurika. Kimbieni sasa. Nendeni shule ya msingi." Hata hivyo, si kila neno gumu linafutwa. Hinanjo, mahali pa kukimbilia, huachwa palepale na kufafanuliwa papo hapo, kwa kuwa ndilo neno lililoandikwa kwenye kibao cha langoni na ndilo jirani atakalolipaza. Huko si kumdharau mgeni. Ni kumpa neno atakalolihitaji usiku huohuo.

Kuna takwimu moja ambayo kila nikiirudia naiona nzito zaidi. Utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kijapani uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba asilimia 62.6 ya wakazi wa kigeni walisema wanamudu Kijapani katika maisha ya kila siku, ilhali waliosema hivyo kuhusu Kiingereza walikuwa asilimia 44 tu. Tahadhari ya Kiingereza, ambayo maofisa wengi huiona kuwa ndiyo ya kimataifa, ilikuwa inawapita zaidi ya nusu ya waliolengwa. Mgeni anayefanya kazi kiwandani Shizuoka, awe ametoka Vietnam, Brazil au Nepal, huongea na msimamizi wake kwa Kijapani, hata kama ni cha kubabaisha. Na umeme ukikatika, anayegonga mlango ni jirani wa Kijapani, ambaye kufasiri hawezi lakini kusema polepole na kwa maneno mepesi anaweza, akifundishwa. Maji nayo hayasubiri mfasiri: Oktoba 12, 2019, mji wa Hakone ulipata milimita 922.5 za mvua kwa siku moja, kiasi kisicho mbali na mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam.

Upande wa tafsiri una hoja zake, na moja sina jibu nayo. Septemba 2018 kimbunga Jebi kiliufurisha uwanja wa ndege wa Kansai, meli ya mafuta ikagonga daraja linalouunganisha na nchi kavu, na maelfu ya abiria wakakwama. Mtalii aliyeshuka juzi hana Kijapani chepesi wala kigumu. Kwake programu ya simu iitwayo Safety tips, yenye lugha zaidi ya kumi, ni msaada wa kweli. Kiswahili hakimo humo. NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, hutangaza kwa Kiswahili, lakini haitakuambia kwamba kijito cha nyuma ya nyumba yako kimeanza kupanda. Hilo hutoka kwa halmashauri ya mtaa, na hutoka kwa Kijapani.

Wanaodhani wepesi wa lugha ni hisani kwa wageni pekee watazame kilichotokea Mei 2021. Serikali ya Japani ilifuta daraja la "ushauri" wa kuhama na kubakiza "agizo", kwa sababu wenyeji wenyewe walikuwa hawatofautishi maneno hayo mawili, na wapo waliochelewa kuondoka. Sasa, katika ngazi tano za tahadhari, ya 3 ni ya wazee na wanaohitaji msaada, ya 4 ni ya kila mtu aliye mahali pa hatari. Ngazi ya 5 haimwambii mtu aondoke: maafa yameshafika au yako mlangoni, na kinachobaki ni kuokoa maisha palepale alipo. Mtanzania au Mkenya aliyekulia karibu na ikweta, ambako vimbunga ni nadra kiasi kwamba Hidaya ya Mei 2024 bado inasimuliwa Mafia, kwa kawaida ataingoja namba kubwa kuliko zote ndipo afunge mzigo. Sentensi mbili nyepesi chini ya namba 4, "Ondokeni wote sasa. Msisubiri 5," zingemtoa nyumbani barabara ikiwa bado inapitika.