Barua pepe ya ofisini: mwajiri asome hadi wapi?

Katika ofisi nyingi za maeneo ya Posta na Mikocheni jijini Dar es Salaam, anwani ya barua pepe ya kazini hupokea na yasiyo ya kazi: majibu ya hospitali, maombi ya mkopo wa SACCOS, hata mzozo wa mirathi. Siku mwajiri anapoamua kuisoma, kila upande huamini kuwa sheria iko kwake.

Hoja ya mwajiri ina uzito. Kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofungwa kielektroniki, ofisa manunuzi anayemwandikia mzabuni kwamba bei yake imekubaliwa anaweza kuifunga kampuni nzima kabla mkurugenzi hajapata habari. Wapo pia matapeli wanaojifanya wasambazaji na kuomba malipo yaelekezwe kwenye akaunti mpya, na kampuni isiyoweza kurejea mawasiliano yake itashindwa kujua fedha zilipotelea wapi.

Hata hivyo, seva, yaani kompyuta inayohifadhi barua pepe, kuwa mali ya kampuni hakufanyi majibu ya maabara ya mfanyakazi yawe mali ya kampuni. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano binafsi, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu aelezwe lengo la kukusanywa kwa taarifa zake, huku taarifa za afya zikihesabiwa kuwa nyeti.

Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la Bărbulescu dhidi ya Romania, iliamua kwa kura 11 dhidi ya 6 kwamba faragha ya Bărbulescu, mfanyakazi ambaye mwajiri alifuatilia mawasiliano yake, haikulindwa ipasavyo, ikizingatia kuwa mahakama za nchini mwake hazikupima kama alijulishwa mapema aina na kiwango cha ufuatiliaji. Uamuzi huo hauzibani mahakama zetu, lakini naamini kipimo chake ni cha haki: mfanyakazi aambiwe kwa maandishi siku anapoajiriwa, na hata hapo upekuzi uishie kwenye jambo linalochunguzwa.

Maduka ya Kariakoo yenye anwani moja na nywila inayojulikana na wafanyakazi wote yako hatarini zaidi, kwa sababu shauri likifika mahakamani, mwenye duka atapata shida kuthibitisha ni mkono wa nani ulioandika.