Fremu ya Kariakoo tumeikwepa, kodi bado tunalipa

Watu wakiongelea faida za intaneti wanaanza na mambo makubwa makubwa, uchumi wa kidijitali sijui nini, mi nataka kuongelea fremu tu, yaani chumba cha kupanga cha duka. Fremu ya maana Kariakoo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, na aliyekuwemo anataka kilemba chake ndo atoke, sasa mdada aliyemaliza chuo juzi hela hiyo anaitoa wapi? Leo huyohuyo anapiga picha mikoba kwenye duka la jumla, anaposti Instagram na status ya WhatsApp, mteja wa Mbeya akishalipia kwa simu ndo anaenda kuuchukua mkoba dukani, jioni mzigo uko kwenye basi. Mtaji wake simu na bando. Hapo sina neno kabisa, wengi wametoka kwa njia hiyo (japo hii tabia ya "bei njoo DM" siielewi, andika bei bwana).

Ila kodi haijaisha, imebadilisha mlango tu. Siku hizi usipolipia promo posti yako wanaiona mashangazi zako, kwa hiyo unailipa Meta, wenye Instagram na WhatsApp, na hela ile ikishaondoka imeondoka, hata mama ntilie wa Msimbazi haimfikii. Akaunti ikifungwa napo hujui ukalalamike ofisi gani. Halafu Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zinazotuletea intaneti zilivyokatika, wenye fremu waliendelea kuuza kama kawa, sisi wa mtandaoni tunakodolea kiduara kinachozunguka kwenye skrini.

Kinachoniuma zaidi lakini ni mikopo ya kwenye app. Umekwama na mzigo, unaomba laki moja, dakika mbili imeingia ila pungufu maana riba wameshakata juu kwa juu, ukichelewa siku kadhaa wanaanza kuwapigia watu uliowasevu kwenye simu, mpaka wakwe na mchungaji wanajua unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja app 69 zinazokopesha bila leseni, safi sana, ila watu walishadhalilika muda mrefu. Mi ningekuwa na uwezo ningeanzia hapo, app yoyote ya mkopo inayoomba ruhusa ya kusoma namba za ndugu zangu isiruhusiwe kabisa nchini. Hizo promo za Meta tutalipa tu, hamna namna.