Dereva wa Treni Naye ni Majeruhi

Nafanya kazi kwenye stesheni ya treni Uingereza. Nikizungumza na jamaa zangu Kenya kuhusu mtu aliyejitoa uhai relini, huuliza alikuwa na shida gani, kisha kama dereva hakuona. Sijawahi kuulizwa yule dereva alilala vipi usiku ule.

Huku dereva haendelei na safari. Analetwa mwingine, na huyu wa kwanza anasindikizwa mpaka nyumbani, kisha anapewa mapumziko na mshauri nasaha. Akirudi, siku za mwanzo huendesha akiwa na mwenzake pembeni. Dereva mmoja aliniambia kwamba katika yote aliyofanyiwa, kubwa lilikuwa dogo: msimamizi aliingia mwenyewe kumtolea koti na begi, ili asilazimike kukanyaga tena ndani ya kile chumba cha usukani. Mapumziko yenyewe, anasema, yalimchosha tu.

Tena si dereva peke yake. Aliyetangaza kwenye vipaza sauti, aliyewatuliza abiria, aliyesafisha, wote huulizwa hali. Wapo hata wachungaji wa Railway Mission, shirika lililoanza 1881, wanaozungukia wafanyakazi wa reli na kukaa nao bila kuwahubiria.

Kuhusu kuzuia, shirika la Samaritans, linalosikiliza watu waliokata tamaa na lililoanzishwa 1953, limeshirikiana na Network Rail, wasimamizi wa njia za reli, tangu 2010 kufundisha wafanyakazi. Mafunzo yenyewe hayana miujiza. Ukimwona mtu amekaa kinyonge, treni zinampita wala hapandi, msogelee, jitambulishe, muulize chochote. Ukihofia zaidi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa swali hilo wakidhani litampandikizia wazo. Haliwi hivyo, na mara nyingi mtu hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeona. Kisha mnaenda kukaa mahali tulivu na mnaita msaada. Tangu 2017 abiria nao wanahimizwa kufanya vivyo hivyo. Wazungu kuhimizwa kumsemesha mgeni! Hapo sisi tuna mtaji wao hawana, ingawa salamu zetu nyingi huishia kwenye "nzuri" hata mtu akiwa anazama.

Nisiwapambe sana. Treni ikichelewa kwa sababu hiyo, nasikia abiria wakilalamikia mikutano yao kana kwamba mvua imenyesha.

Kwetu mzigo mkubwa umekuwa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo hadi miaka 2. Waingereza waliotuachia sheria hiyo waliifuta kwao 1961. Sisi tuliendelea kuitunza hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba inakwenda kinyume cha Katiba. Kwa miaka yote hiyo, aliyenusurika alihitaji daktari akaletewa askari. Uamuzi umetoka, lakini woga hautoki kwa hukumu. Familia bado zinasema "ilikuwa ajali".

Halafu kuna simu. Tukio likitokea, picha zinafika kwenye magrupu kabla ya ndugu kupata habari. Hili si suala la heshima tu. Huko Vienna, magazeti yalipokubali mwaka 1987 kuacha kuripoti kwa mbwembwe watu waliojiua kwenye treni za chini ya ardhi, matukio hayo yalipungua sana. Unayesambaza picha hujui nani kati ya wanaoipokea yuko ukingoni. Ukiwa ni wewe, mwambie mtu leo hii, au wapigie Befrienders Kenya, shirika linalosikiliza wanaofikiria kujiua.

Wenzangu wa Kenya husema tusubiri bajeti ya uzio na kamera. Uzio unasaidia, sikatai. Ila dereva mmoja mstaafu wa nyumbani alinisimulia kwamba enzi zake alihojiwa kama mshukiwa, akaandika taarifa, na kesho yake akapangiwa zamu kwenye njia ileile. Kumwondoa kwenye zamu hakuhitaji mkopo wa nje. Iandikwe kwenye mkataba wa kazi: anapumzishwa kwa malipo kamili, polisi wanachukua maelezo akiwa na mtu wake kando, na kurudi kwake kunaamuliwa na daktari, si na mpanga ratiba.